Dawa ya Kichwa

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, usijali. Hukukosa raha. Ulikosa balaa tu, na balaa zangu hazina haraka, zitakusubiri.

Nirudie kwa kifupi. Mimi ni msusi. Siku nzima mikono yangu imo vichwani mwa watu, nasuka, nafumua, naosha, nakausha. Kichwani mwangu mwenyewe nywele zimeniaga. Zilianza kupungua utosini, mstari wa katikati ukapanuka kidogo kidogo, hadi siku niliyoinama kuokota kitana, mteja akaniona kwenye kioo. "Dada," akasema, "kumbe na wewe?" Tangu siku hiyo mchana navaa wigi, na usiku nalala na kilemba.

Daktari wa ngozi alinimulika kwa kurunzi yake, akasema ni upara wa kurithi, na kwamba wanawake nao huupata ila hawausemi. Akaniandikia dawa ya maji, ya kudondoshea kichwani asubuhi na jioni.

"Mwanzoni zitadondoka zaidi," aliniambia. "Usiogope, na usiache katikati. Nawa mikono kila ukimaliza. Na subiri ikauke kabla hujalala, maana dawa hii haichagui ngozi. Ikikaa shavuni, itaotesha shavuni."

Aliyenipeleka kwa daktari huyo ni shoga yangu wa saluni. Sote tunamwita Sindano, kwa sababu kushona nywele za bandia hakuna anayemfikia. Yeye nywele za mbele zilishamkimbia, akatangulia kuanza dawa. Asubuhi hana nafasi, kwa hiyo hupaka mchana anapokwenda kwake kula. "Napaka, najinyoosha kidogo ikauke, ndiyo narudi," ananiambia. Kilemba chake hakitoki kichwani, na wateja wanadhani ni urembo.

Mume wangu hajui kitu. Wiki jana tuliachia pale alipoikuta chupa ndani ya boksi la wigi, akaifungua, akainusa.

"Hii nini?"

"Dawa ya kichwa," nikamjibu.

Sikudanganya. Ni dawa, na ni ya kichwa. Akairudisha, akaenda zake. Nilidhani nimepona.

Kuna msomaji alimuuliza mhariri mbona mimi husimulia mambo mazito na silii. Mwambieni kulia kulishanipita. Nimekufa ganzi. Mambo yananitokea nayatazama tu, kama mtu anayemwona mwenzie akinyeshewa.

Haya. Twende.

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu kwa ajili ya goti lake. Mama mkwe hanichukii. Ananipima. Nikipika ananipima, nikifagia ananipima, nikichelewa kazini anatazama saa ya ukutani halafu ananitazama mimi, wala hasemi kitu.

Goti likawa afadhali, kikaanza kichwa.

"Kinanigonga hapa," alimwambia mwanawe, akashika paji la uso. "Hapa na hapa."

Mimi nilikuwa kazini. Mume wangu, mtoto mwema, akakumbuka.

"Mke wangu ana dawa ya kichwa, Mama. Ya kupaka. Nzuri hiyo, kila siku anaitumia."

Akamtolea chupa kwenye boksi la wigi. Mama akajidondoshea paji la uso, akajisugua mpaka karibu na masikio. Dawa ile ina spiriti, ikigusa ngozi inapoza. Akasema kichwa kimetulia papo hapo.

"Hii ndiyo dawa," akasema. "Siyo hivyo vidonge vyenu."

Wakawa na utaratibu wao, wiki baada ya wiki. Nikitoka, chupa inatoka. Kabla sijarudi, chupa imerudi. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu nani anamuomba mtu ruhusa ya dawa ya kichwa? Mimi niliona tu dawa inapungua mbio, nikajilaumu mkono wangu mzito.

Katikati ya hayo, jioni moja napapasa utosini nikakuta kitu. Vinywele, laini, vifupi, kama vya mtoto mchanga. Nikashika kioo kimoja mbele na kingine nyuma, nikaviona. Nilitakiwa niruke, nipige vigelegele. Nikanawa mikono, nikafunga kilemba, nikaenda kutenga chakula.

Mume wangu aliingia anakung'uta mkono.

"Friji ya nani leo?" nikamuuliza. Yeye ni fundi wa friji.

"Ya shoga yako tena. Nzito ile. Mkono wote umekufa ganzi."

"Itapona lini hiyo friji?"

"Gesi inavuja," akasema, akaomba chumvi.

Nikampa chumvi.

Asubuhi iliyofuata nilisikia naitwa kutoka bafuni kwa sauti ya moto umewaka.

"We mkwe wangu! Njoo! Njoo unione!"

Nikaenda. Mama mkwe amesimama mbele ya kioo, mtandio umeanguka mabegani. Kuanzia nyusi mpaka zinapoanza nywele, paji lote limeota malaika. Vinywele vyembamba, vyeusi, vimelala vizuri kabisa kama vimechanwa. Pembeni vimeshuka mpaka karibu na masikio.

Nilivijua. Vinywele kama vile ndivyo nilivyovikuta utosini kwangu.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona malaika, Mama."

"Malaika ni ya mtoto! Mimi mtu mzima naota malaika? Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu, ila jibu lenyewe lilikuwa chini ya kilemba changu. Nikasema sijui.

Akachukua simu, akampigia mwanawe mkubwa, yaani shemeji yangu, fundi wa magari, anaishi mji mwingine. Mtandao ulikuwa mbovu, na shemeji wakati huo alikuwa chini ya gari. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikasikia upande mmoja tu.

"Nimeota malaika!" Mama akapaza sauti. "Malaika, mwanangu! Ndiyo! ... Tele! ... Hapana, sijalala, nimeamka, nikaenda bafuni, nikajiona na malaika! ... Uso mzima umezungukwa! ... Njoo haraka!"

Kesho yake shemeji alifika. Amevaa suti nyeusi, na macho mekundu. Alipiga magoti mlangoni, akamshika mama yake mikono.

"Mama. Ulipoota, waliokuja walikuwa wangapi?"

"Nani ahesabu? Tele."

"Walikuambia nini?"

"Akina nani?"

"Malaika, Mama. Walikuita kwa jina?"

Mama akamtazama. Kisha akavuta mtandio nyuma.

"Mjinga wewe! Malaika ya mwilini! Nimeota nywele! Tazama!"

Shemeji akatazama. Akagusa kwa kidole kimoja. Akakaa chini na suti yake.

"Nimeacha gari la mtu juu ya mawe," akasema. "Nimeaga watu wote. Mafundi wenzangu wameniombea dua."

Ningekuwa mzima ningecheka mpaka nianguke. Nilimletea maji.

Mume wangu naye alikuwa anarudi kutoka kazini wakati huo huo. Kulikuwa na joto, amekunja mikono ya shati, jambo ambalo siku hizi halifanyi. Alipomsalimia kaka yake, Mama akaudaka mkono wake.

"Na hii nini?"

Upande wa ndani wa mkono, kutoka kwenye kiwiko kupanda begani, ulikuwa na manyoya. Mume wangu ni mtu laini, hata kidevuni hana cha kunyoa. Sasa mkono mmoja ulikuwa wa mtu mwingine.

"Ni joto tu, Mama," akasema, akaushusha mkono wa shati.

"Joto linaotesha manyoya?"

Mama akageuka taratibu, akanitazama, na safari hii nikajua kipimo kimekamilika.

"Mwanangu siku hizi hasemi," akamwambia shemeji, lakini macho kwangu. "Anarudi amechoka, chakula anagusagusa. Mkono umeota manyoya. Mimi uso umeota manyoya. Humu ndani kuna mtu anatupaka dawa."

"Dawa gani, Mama?" nikauliza.

"Unaijua wewe."

Basi. Neno likishatoka hivyo halirudi. Dawa. Saluni likitamkwa watu wanafikiria ya kulainisha nywele. Hospitali wanafikiria vidonge. Mama mkwe akilitamka ameinua kidevu, unajua kabisa anafikiria nini, na siyo hospitali.

Shemeji akateta na Mama pembeni, kisha akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti.

"Jumapili tukae kikao," akasema. "Nimeshakuja, siwezi kurudi bure. Shemeji, uje na maelezo. Kama kuna dawa, Mama anasema ataondoka na mwanawe, na wewe urudi kwenu. Mimi nasema tu alivyosema."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anafunga kifungo cha mkono wa shati. Hakusema "mke wangu hawezi kufanya hivyo." Nikajiambia ameshtuka.

Sasa nielewe, msomaji. Mimi nilishajua kila kitu, au nilidhani hivyo. Chupa ilikuwa inapungua, Mama alikuwa ananukia spiriti, hesabu ikajikamilisha yenyewe. Na mkono wa mume wangu? Mimi hulalia mkono wake tangu tuoane. Daktari alisema nisubiri ikauke, nami sikuwa nasubiri. Nilikuwa napaka haraka haraka, nafunga kilemba kabla hajaingia chumbani, najitupa kitandani. Nikasema imepenya kitambaa.

Kwa hiyo njia zilikuwa mbili. Ninyamaze, nitoke kwenye ndoa yangu naitwa mchawi. Au nivue wigi mbele ya mama mkwe, shemeji na mume wangu, waone ninachokificha, ndoa ibaki.

Nilimweleza Sindano saluni, tukiwa tunaosha taulo.

"Usivue!" akasema. "Shoga, usivue kabisa. Waambie ni mafuta ya mzaituni."

"Mafuta ya mzaituni yanaotesha nywele usoni?"

"Watajuaje?"

"Mkono wa mume wangu umejaa manyoya, Sindano. Wameuona."

Taulo ikamponyoka, ikaanguka kwenye beseni. "Mkono?"

"Mkono. Kwa sababu namlalia."

"Aa," akasema. "Kwa sababu unamlalia."

"Twende wote Jumapili. Wewe ndiye uliyenipeleka kwa daktari. Wewe ndiye shahidi wangu."

"Mambo ya familia za watu mimi siyawezi."

"Nisaidie. Sina mwingine."

Alikamua ile taulo muda mrefu, hata ilipokwisha maji akaendelea kuikamua. Nikadhani ananionea huruma. Mwisho akasema haya, atakuja, lakini atakaa karibu na mlango.

Jumapili mchana tukakaa. Sebule yetu ni ndogo. Mama kwenye kochi kubwa, mguu wenye goti umewekwa juu ya kigoda. Shemeji kwenye kiti cha plastiki, kama hakimu. Mume wangu mwisho wa kochi, shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Sindano kwenye stuli karibu na mlango, mkoba mapajani, kilemba cha kijani kimefungwa kwa fundo la nyuma. Mimi katikati, juu ya mkeka.

"Haya, shemeji," shemeji akasema. "Tunakusikiliza."

Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Yote yakapotea. Nikaingiza vidole chini ya wigi, nikachomoa vibanio, nikalivua, nikaliweka mkekani mbele yangu.

Feni ilikuwa inazunguka, nikasikia upepo wake utosini, pahali ambapo watu hawatakiwi kusikia upepo.

"Hii ndiyo siri yangu," nikasema. "Nina upara. Siyo uchawi. Daktari wa ngozi amenipa dawa ya kuotesha nywele, napaka asubuhi na jioni. Chupa hii hapa, ina jina la dawa, na Sindano anaijua. Sindano, waambie."

"Kweli," Sindano akasema, anatazama mkoba wake. "Mimi nilimpeleka."

Mama akaipokea chupa. Akaigeuza. Akaifungua, akanusa. Nikaona uso wake unabadilika kutoka juu kushuka chini.

"Si dawa ya kichwa hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya kichwa kinachogonga."

"Hapana, Mama. Ya kichwa kisicho na nywele."

"Ala!" Akamgeukia mume wangu. "Si ulinipa wewe! Si ulisema ya kichwa, ya kupaka! Nimejipaka asubuhi na jioni, nasema inapoza!"

Shemeji ndiye aliyeanza. Alijizuia kwanza, mabega yakatikisika, kisha akashindwa. Akacheka mpaka kiti cha plastiki kikalia.

"Mama amejipandia nywele mwenyewe! Amejimwagilia kabisa, asubuhi na jioni!"

"Nyamaza, mpumbavu!" Mama akasema, lakini naye mdomo ulikuwa unamchezacheza. Akajigusa paji. "Zitatoka hizi?"

"Ukiacha kupaka zitaondoka zenyewe, Mama. Pole pole."

"Na wewe zako?"

"Zangu zimeanza kurudi. Kidogo."

Akaniashiria nisogee. Nikasogea kwa magoti. Akaniinamisha kichwa, akanipapasa utosini kwa kiganja, kama anavyopima unga.

"Kweli zinarudi," akasema. "Mbona hukusema, mwanamke? Unabeba hivi peke yako ndani ya nyumba yenye watu?"

"Niliona aibu, Mama."

"Aibu ya nini? Nywele ni nywele."

Hapo, msomaji, ganzi ililegea kidogo. Machozi yakaja mpaka karibu. Nilifurahi. Nakwambia wazi, nilifurahi. Nikamtazama mume wangu ili tufurahi wote. Alikuwa anatazama sakafu.

"Na mkono wa huyu?" Mama akauliza. "Yeye naye alikuwa na kichwa kinauma mkononi?"

Shemeji akacheka tena.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Namlalia mkono nikiwa nimetoka kupaka. Imemwingia."

"Na hicho kilemba unacholala nacho? Nakuona nacho usiku unapokwenda msalani. Dawa inapenya kilemba?"

"Itakuwa inapenya."

"Kwa manyoya yote yale?" Mama akakunja uso, paji lote likajikunja na malaika wake. Ni mtu wa kupima, amezoea. "Sielewi. Hebu laleni nione."

"Mama jamani," mume wangu akasema. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo.

"Lala mkekani, sikuli. Na mkono wa shati upandishe."

"Lala bwana," shemeji akasema. "Tumalize, mimi nina gari juu ya mawe."

Akalala chali mkekani. Shemeji mwenyewe akampandishia mikono yote miwili ya shati. Nami nikalala kama ninavyolala kila siku, bila kufikiri, kwa sababu mwili unajua njia. Kitanda chetu kimebana ukutani. Mimi ni wa ukutani tangu tuhamie. Nikaweka kichwa mahali pake, begani, shavu likatulia kwenye ngozi.

Ngozi ilikuwa laini. Haikuwa na hata unywele mmoja.

Kicheko cha shemeji kikakatika.

"Huo ni wa kushoto," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama. Ndiko ninakolala."

"Manyoya yako kulia."

Sikuinua kichwa. Nilitazama juu ya kifua chake, nikaona mkono ule mwingine, umenyooshwa kwenye mkeka upande ambao mimi sijawahi kulala. Kutoka kiwiko mpaka begani, meusi, yamelala vizuri. Duara kamili la kichwa cha mtu.

"Labda mnabadilishana?" shemeji akauliza, sauti imeshuka.

"Hatubadilishani," nikasema.

Nikasikia moyo wa mume wangu chini ya shavu langu. Ulikuwa unakimbia. Wangu ulikuwa umekaa tu. Nikafikiria friji. Friji isiyopona, gesi inayovuja, mkono uliokufa ganzi. Ganzi ya kubeba friji huingia mikono yote miwili. Nikafikiria mtu anayepaka mchana, anajinyoosha kidogo ikauke.

Nikakaa.

Sindano alishasimama. Mkoba kwapani, mkono kwenye kitasa.

"Mimi niwaache wanafamilia," akasema.

"Kaa," Mama akasema.

"Nina mteja, Mama, ananisub..."

"Jumapili huna mteja. Kaa."

Akakaa. Mama alimtazama kama anavyotazama saa ya ukutani. Akatazama kilemba cha kijani. Akatazama chupa mkononi mwake, kisha kilemba tena.

"Dawa hii wewe umeijulia wapi, binti?"

Sindano akaukumbatia mkoba.

"Fungua kilemba."

Sindano akakishika kichwa kwa mikono miwili. Nilimjua tangu zamani, tumegawana kitana, tumegawana chakula, tumegawana daktari. Sikumhurumia, sikumchukia. Nilimtazama tu.

"Fungua, nimesema. Mwenzio amevua mbele ya wanaume, na alikuwa hana kosa."

Hapo mume wangu akainuka kutoka mkekani. Huyu ambaye nilipoitwa mchawi alikuwa anafunga kifungo. Huyu ambaye nilipovua wigi alikuwa anatazama sakafu. Akasimama kati ya mama yake na ile stuli, mkono wa manyoya uko wazi, akasema kwa upole, upole ambao mimi nilishausahau sauti yake:

"Mwache, Mama. Hapendi watu wamwone kichwa."

Shemeji akajishika mdomo.

Mimi kichwa changu kilikuwa wazi. Wigi liko pale mkekani, limekanyagwa, sijui na nani. Upepo wa feni ulikuwa unanipita utosini, juu ya vile vinywele vyangu vichache, na hakuna mtu mle ndani aliyewahi kusema kwamba mimi sipendi.

"Umesikia, mwanangu?" Mama akaniuliza. Mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo.

"Nimesikia, Mama."

Nikasimama. Nikampita mume wangu pembeni, nikaenda mpaka kwenye stuli, nikasimama nyuma ya Sindano, pale msusi anaposimama siku zote. Akakiinamisha kichwa mbele na kufumba macho, kama wateja wanavyofanya wakishakuachia. Vidole vyangu havikutetemeka. Nikalishika fundo.